Shajara ya mradi: ukurasa wa wavuti wa kusindikiza wasilisho kuhusu mpumuo katika Kimvita

Zimebaki siku 30. Ukurasa ubebe nini

Wasilisho ni la dakika 20, na maswali dakika 10. Mada ni vipasuo (konsonanti kama p, t na k) vyenye mpumuo, yaani pumzi inayotoka mara baada yake, katika Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa: kaa la moto na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa wa porini, tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga. Tahajia sanifu inaziandika sawasawa, lakini mzawa wa Mombasa hazichanganyi. Katika neno la ngeli ya 9, nazali ya zamani iliyokuwa mbele ya p, t au k imetoweka na kuacha pumzi nyuma yake. Neno la ngeli ya 5 halikuwa na nazali hiyo, kwa hiyo linatamkwa kavu.

Slaidi zinaweza kuonyesha maelezo, jedwali na picha ya sauti. Haziwezi kumpa msikilizaji nafasi ya kusikia kʰaa (ʰ ni alama ya mpumuo) na kaa mara tano mfululizo, kwa spika za masikioni, akiwa ametulia. Spika za ukumbini nazo hazisaidii, maana mwangwi wa ukuta unafika kabla pumzi ya neno haijaisha. Ukurasa unajengwa kwa ajili ya pengo hilo. Yaliyokubaliwa kuingia ni jozi 12 za maneno kwa sauti za wasemaji, jedwali la vipimo, spektrogramu (picha za sauti), simulizi mbili fupi, slaidi za PDF, data ya kupakua, na maelezo ya namna ya kunukuu. Utangulizi mrefu wa nadharia umeachwa. Atakayeuhitaji atausoma katika makala.

Kikomo tulichojiwekea ni kwamba ukurasa ukifunguka mara ya kwanza usizidi KB 500 kabla msomaji hajabonyeza sauti yoyote. Wengi wataufungua kwa simu na kwa bando lao wenyewe.

Zimebaki siku 27. Ridhaa kabla ya faili

Fomu za awali zilikuwa na ridhaa ya aina mbili: sauti itumike katika utafiti, na sauti ichezwe mbele ya hadhira ya kitaaluma. Kuiweka mtandaoni ambako mtu yeyote anaipakua ni jambo la tatu, na halikuwemo. Sauti ya mtu inamtambulisha hata jina likifutwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria, mzee aliyeketi barazani akakusomea maneno ana haki ya kujua sauti yake inakwenda wapi.

Kila msemaji amerudiwa na kuulizwa upya, kwa vipengele vinavyotiwa alama kimoja kimoja: maneno mafupi mtandaoni, simulizi mtandaoni, na matumizi ya kibiashara. Kati ya watano, wanne wamekubali maneno na wawili wamekubali simulizi. Hakuna aliyekubali biashara. Msemaji wa tano anabaki katika takwimu, ila sauti yake haiwekwi. Ukurasa utalisema hilo wazi, ili anayehesabu asione jedwali lina watu watano na vitufe vina wanne akadhani pamekosewa.

Majina ya faili yamebadilishwa. Yalikuwa na jina la msemaji na mtaa wake. Sasa ni msimbo wa msemaji, neno na ngeli: W1_kaa5.wav, W1_kaa9.wav. Jina la faili si mahali pekee ambapo mtu anafichuka. Kinasa sauti huandika tarehe na maelezo ndani ya faili, na picha za simu hubeba mahali zilipopigiwa. Picha za uwandani zimesafishwa kwa programu ya exiftool, amri -all=, na sauti kwa -map_metadata -1 ndani ya ffmpeg, programu ya kuchakata sauti, kisha zikakaguliwa tena kuona kilichobaki.

Zimebaki siku 24. Kukata maneno, na kosa lililokaribia kuua hoja nzima

Kila neno lilirekodiwa ndani ya sentensi ileile, «Sema … tena», kwa WAV (sauti isiyobanwa) ya 44,100 Hz, biti 16, njia moja. Wasemaji 4 kwa maneno 24 ni vipande 96.

Jaribio la kwanza lilitumia kichujio cha kuondoa ukimya kiotomatiki, ili vipande vyote vianze pale neno linapoanza. Matokeo: jozi kadhaa zikasikika sawa. Kʰaa ya msemaji W2 ikawa kaa kavu kabisa. Ilipofunguliwa katika Praat, programu ya kuchambua sauti, sababu ilionekana mara moja. Pumzi ya mpumuo ni hafifu mno ikilinganishwa na irabu inayoifuata, na mfyatuko wa p, pale midomo inapoachana, ni hafifu zaidi. Kichujio kilichoambiwa kwamba kila kilicho chini ya kiwango fulani ni ukimya kilihesabu mfyatuko na pumzi yake kuwa ukimya, kikakata hadi pale irabu inapoanza. Kifaa cha kusafisha kilifuta kitu chenyewe kinachotafitiwa, na kwa mtu asiye mzawa wa lahaja hii kipande kingepita bila kushukiwa.

Kwa hiyo kazi imefanywa kwa mkono, kipande kwa kipande, katika Praat: anza milisekunde 80 kabla ya mfyatuko, ndani ya ule muda mdomo umefungwa, maliza milisekunde 50 baada ya irabu ya mwisho kuzima, kata pale wimbi linapopita sufuri ili pasiwe na kishindo. Vipande 96 vimechukua kama saa nne. Hakuna njia ya mkato tunayoiamini hapa.

Jambo la pili ni sauti kubwa na ndogo. Vichujio vinavyosawazisha ukubwa wa sauti hupandisha sehemu hafifu na kushusha kali, na pumzi ikipandishwa, neno kavu lenye kelele kidogo ya chumba linaanza kufanana na lenye mpumuo. Tumeongeza desibeli zilezile kwa maneno yote mawili ya jozi, kiasi kwamba kilele cha neno kali zaidi kifike −3 dB. Kilele kinasomwa kwa volumedetect ya ffmpeg, hesabu inafanywa mara moja kwa jozi, kisha:

ffmpeg -i W1_kaa9.wav -map_metadata -1 -ac 1 -ar 44100 -c:a pcm_s16le -af "volume=4.5dB,afade=t=in:d=0.01,adelay=300,apad=pad_dur=0.2" nje/W1_kaa9.wav

Ile adelay=300 inaongeza milisekunde 300 za ukimya mwanzoni. Ina sababu. Spika nyingi za bluetooth, na projekta zinazopokea sauti kwa waya wa HDMI, hulala zisipotumika, na zikiamka humeza mwanzo wa sauti. Bila ukimya huo kinachomezwa ni mfyatuko na pumzi, yaani kosa lilelile la kichujio linarudi kwa mlango wa nyuma. Nayo afade ya milisekunde 10 inalainisha pale ukimya mtupu unapokutana na kelele ya chumba. Mfyatuko uko milisekunde 80 mbele, hauguswi.

Zimebaki siku 23. MP3 imekataliwa kwa jozi

Kila kipande cha WAV ni kama sekunde moja, KB 88. Vyote 96 ni takriban MB 8.5. MP3 ya kbps 64 ingekuwa KB 8 kwa kipande, na kishawishi ni kikubwa.

Tumeikataa kwa maneno ya jozi. MP3 hugawa sauti katika fremu za sampuli 1,152, sawa na milisekunde 26 kwa 44,100 Hz, na kelele inayotokana na kubana hutapakaa ndani ya dirisha lote la wakati. Pale penye mfyatuko wa ghafla baada ya ukimya, kelele hiyo husikika kabla ya mfyatuko wenyewe. Anayetaka kupima muda kuanzia mfyatuko hadi nyuzi sauti kuanza kutetema ataona ukungu badala ya mstari. Juu ya hayo kuna ukimya unaoongezwa mwanzoni na kisimbaji pamoja na kisimbuaji, aghalabu sampuli 1,105, yaani milisekunde 25. Huo hauharibu kipimo kwa kuwa unasogeza vyote pamoja, ila faili za TextGrid, ambamo Praat huweka mipaka ya sauti kwa wakati, hazilingani tena na sauti.

Uamuzi: jozi ni WAV, na hakuna sauti inayopakuliwa mpaka ibonyezwe. Msomaji atakayesikiliza jozi tatu kwa msemaji mmoja atatumia KB 528. Simulizi mbili za dakika mbili kila moja ni MP3 ya kbps 96, njia moja, kama MB 1.4 kila moja. Hapo hakuna anayepima milisekunde. Ukubwa umeandikwa kando ya kiungo kabla hajabonyeza.

Zimebaki siku 19. Kujenga ukurasa

Ni faili moja la HTML, faili moja la CSS, na mistari michache ya JavaScript. Hakuna mfumo wa kutengenezea tovuti wala hifadhidata. Kitu kinachotakiwa kufunguka miaka kumi ijayo kisitegemee programu inayohitaji kusasishwa kila mwezi.

Jambo la kwanza ni <html lang="sw">. Bila hilo kisoma-skrini cha mtu asiyeona kinaweza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na kivinjari kinaweza kumshauri msomaji atafsiri ukurasa kutoka lugha ambayo siyo.

Vicheza sauti 96 vya kawaida vya kivinjari haviingii katika jedwali la simu. Kila kimoja kina upana wake na kinajaza safu. Badala yake kila sauti ni kiungo cha kawaida kinachoelekea kwenye faili, na JavaScript inakidaka:

const s = new Audio();
document.querySelectorAll("a.sikiliza").forEach(a => a.addEventListener("click", e => { e.preventDefault(), s.src = a.href, s.play(); }));

Faida ni tatu. Kicheza sauti ni kimoja, kwa hiyo ukibonyeza neno la pili la kwanza linakatika na hayapandani. JavaScript isipofanya kazi, kiungo bado kinafungua faili. Na mashine za kuhifadhi kurasa huviona viungo vya kawaida, hali huenda zisione kilichofichwa ndani ya programu. Kila kiungo kina urefu na upana wa pikseli 44 angalau, maana kidole gumba si kipanya.

Jedwali la vipimo ni jedwali la HTML, si picha ya jedwali. Picha haitafutiki, haisomwi na kisoma-skrini, na katika simu tarakimu zinakuwa chembe. Jedwali limewekwa ndani ya kisanduku chenye overflow-x:auto ili liburuzwe kando lenyewe bila kuburuza ukurasa mzima, na vichwa vya safu vina scope="col".

Mpangilio umebadilika mara moja. Mwanzoni jozi zilipangwa kialfabeti, na maelezo yakaja juu yake. Sasa jozi ya kwanza kabisa, kaa na kʰaa, iko juu ya ukurasa, vitufe viwili vikubwa, kabla ya maelezo yoyote. Aliyepo ukumbini ana sekunde 30 za subira kabla macho hayajarudi kwa mwasilishaji. Katika sekunde hizo anapaswa kuwa ameshasikia.

Zimebaki siku 16. Alama ya juu, ritifaa, na utafutaji

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai uangalifu wake. Mpumuo huandikwa na baadhi ya wanaisimu kwa ritifaa, k'aa, na wengine kwa kʰaa. Ritifaa hiyohiyo ndiyo inayotenganisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Na ritifaa si alama moja. Iliyonyooka ni U+0027, iliyopinda ni U+2019, ile inayopinda upande wa pili ni U+2018 na baadhi ya programu huiweka zenyewe neno linapoanza, na ile inayohesabiwa kuwa herufi ni U+02BC. Katika faili letu la data zilikuwemo tatu, kwa sababu limepitia kompyuta tatu. Simu za iPhone hutoa iliyopinda zisiporekebishwa. Kwa mashine, k'aa na k’aa ni maneno mawili, na kisanduku cha utafutaji kikajibu «hakuna».

Tumefanya mambo mawili. Data yote sasa inatumia ʰ (U+02B0) kwa mpumuo, na U+2019 kwa ng’. Na kisanduku cha utafutaji kinazivua alama zote pande mbili, neno lililoandikwa na neno lililohifadhiwa:

const vua = t => t.normalize("NFD").replace(/['’‘ʼʰ\u0300-\u036f]/g, "").toLowerCase();

NFD, si NFKD; zote mbili ni namna za kutenganisha herufi na alama zake. Tofauti ni herufi moja na iligharimu jioni nzima: NFKD inageuza ʰ kuwa h ya kawaida kabla haijafutwa, kʰaa inakuwa khaa, na anayeandika kaa hampati kaa wa baharini. Kwa kuvua ritifaa, ng’oa na ngoa zinakuwa kitu kimoja. Katika utafutaji hilo linavumilika. Anayetafuta ataona maneno yote mawili na kuchagua.

Alama ya t ya meno, t̪, ina kijimstari chini kinachoundwa na U+032A. Katika simu mbili kati ya tano tulizojaribu kilisogea kando kikakaa chini ya irabu. Fonti ya Charis SIL inakiweka mahali pake, lakini faili zima ni kubwa mno kwa ukurasa wetu. Imepunguzwa kwa pyftsubset, zikabaki herufi za Kilatini, alama za kifonetiki, alama za kuunganisha na ritifaa, kisha ikahifadhiwa kwa --flavor=woff2. Chaguo hilo linahitaji moduli ya brotli katika Python. Bila hiyo amri inakatika. Nafasi kati ya mistari nayo imeongezwa hadi 1.6, vinginevyo kijimstari kinakatwa na mstari wa chini.

Faili la CSV: likifunguliwa kwa kubonyezwa mara mbili katika Excel, kʰaa ilitokea kÊ°aa. Faili ni zima. Excel haikutambua kuwa herufi zake zimesimbwa kwa UTF-8. Dawa ni kuandika mwanzoni mwa faili alama ya BOM, inayoitambulisha UTF-8, kwa encoding="utf-8-sig" katika Python au write_excel_csv katika R. Tusingefanya hivyo, tungepokea barua za watu wanaodhani data imeharibika, na wengine wangetumia data iliyoharibika bila kuandika barua.

Zimebaki siku 12. Picha

Spektrogramu zimetolewa Praat kwa PNG ya dpi 300, zikapunguzwa hadi upana wa pikseli 1,200. Zipo nne tu, jozi mbili. Kipimo cha wakati ni kilekile katika picha zote mbili za jozi; picha moja ikivutwa zaidi ya nyingine, pumzi fupi inaonekana ndefu na jicho linadanganywa. Maelezo ya alt, yanayosomwa badala ya picha, yanasema kinachoonekana, «pumzi ya takriban nusu ya urefu wa irabu kati ya mfyatuko na irabu», si «spektrogramu ya kaa». Grafu za takwimu ni SVG, maandishi yake yamegeuzwa kuwa michoro, kwa kuwa SVG iliyoitwa kwa <img> haipakii fonti ya nje na ʰ ingeweza kugeuka kisanduku.

Ukurasa ukifunguka sasa ni KB 410 pamoja na fonti.

Zimebaki siku 9. Pa kuuweka, na DOI

Ukurasa unawekwa GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti. Tovuti moja inaruhusiwa hadi GB 1 na faili moja lisizidi MB 100. Sisi hatufiki MB 20. Faili tupu la .nojekyll limewekwa ili folda zinazoanza na mstari wa chini zisirukwe.

Ukurasa ulipopandishwa mara ya kwanza, nusu ya sauti zikajibu 404, yaani faili halikuonekana. Folda iliitwa Sauti, na viungo vilisema sauti. Kompyuta ya Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, seva inatofautisha. Majina yote sasa ni herufi ndogo isipokuwa msimbo wa msemaji, na kuna skripti inayopitia kila href na kuhakiki kuwa faili lipo kwa jina hilohilo, herufi kwa herufi.

Ukurasa ni dirisha tu, na dirisha linaweza kufungwa. Data inakaa Zenodo, hifadhi inayoendeshwa na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, tangu 2013, ambayo hutoa DOI, namba ya kudumu ya kunukuu. Kitu muhimu kwa mwasilishaji: DOI inaweza kuhifadhiwa kabla amana haijachapishwa, hivyo namba iko tayari kuandikwa katika slaidi ya mwisho wakati faili bado zinakaguliwa. Zikishachapishwa, faili tunaziacha zilivyo; marekebisho ni toleo jipya lenye DOI yake, na kuna DOI ya jumla inayoelekea toleo la karibuni zaidi daima. Katika slaidi tumeandika ile ya toleo, kwa sababu takwimu zinazozungumzwa ni za toleo hilo. Kwenye ukurasa zipo zote mbili, na maelezo ya ipi ni ipi.

Amana ni mbili. Jedwali, skripti za R na slaidi ziko chini ya leseni ya CC BY 4.0. Sauti na TextGrid ziko chini ya CC BY-NC 4.0, kwa kuwa wasemaji walikataa biashara. Kuziweka pamoja chini ya leseni moja kungekuwa kuvunja ahadi tuliyoweka siku tatu baada ya kuanza.

Slaidi zimewekwa kwa PDF. Faili la PPTX halikuwekwa: linabeba maandishi ya mwasilishaji yaliyo chini ya slaidi, pamoja na picha zilizopunguzwa kwa kukatwa ambazo sehemu iliyokatwa bado imo ndani.

Zimebaki siku 6. Msimbo wa QR

Anwani yetu ina herufi 36. Ikiandikwa kwa herufi ndogo, kwa kiwango M cha kusahihisha makosa, ambacho huvumilia hadi asilimia 15 ya msimbo kuharibika, inahitaji toleo la 3, miraba 29 kwa 29. Ikiandikwa kwa herufi kubwa tupu, msimbo hutumia mfumo mwembamba zaidi na kutosha katika toleo la 2, miraba 25 kwa 25. Jina la kikoa halijali herufi kubwa, lakini njia inayofuata baada yake inajali, kwa hiyo folda ya ukurasa yenyewe imeitwa PAA.

Huduma za bure zinazotengeneza misimbo «inayobadilika» zimeepukwa. Msimbo wa namna hiyo haubebi anwani yako, unabeba anwani ya huduma inayokuelekeza, na muda wa bure ukiisha msikilizaji anapelekwa kwenye tangazo. Msimbo wetu umetengenezwa kwa programu ya kompyutani na anwani imo ndani yake moja kwa moja.

Ukubwa: kanuni ya watumiaji ni kwamba umbali wa kusoma ni mara kumi ya upana wa msimbo. Skrini ya ukumbi ina upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.35, safu ya mwisho iko mita 12. Hesabu inadai msimbo wa mita 1.2, yaani karibu kimo chote cha skrini. Ule msimbo mdogo wa pembeni ya slaidi ya kwanza, unaoonekana katika mawasilisho mengi, ungekuwa sm 20 na kusomwa mpaka safu ya pili. Tumefanya hivi: slaidi ya mwisho ni msimbo pekee, na anwani kwa maandishi makubwa chini yake, na inabaki skrini kwa dakika zote 10 za maswali. Pia vikaratasi vya A6, vinne kwa karatasi moja ya A4, karatasi 15 kwa watu 60, vyenye msimbo wa sm 3 na anwani. Ukingo mweupe wa miraba 4 kila upande umeachwa. Mpiga chapa aliukata katika nakala ya kwanza ili «ipendeze», na simu mbili zikashindwa kusoma.

Zimebaki siku 3. Kujaribu bila mtandao

Folda nzima imenakiliwa kwenye flashi, ukurasa ukafunguliwa kutoka humo mtandao ukiwa umezimwa. Jedwali lilikuwa tupu. Lilikuwa likisoma CSV kwa fetch(), amri ya JavaScript, na kivinjari hakiruhusu hilo ukurasa ukiwa umefunguliwa kutoka diski badala ya seva. Jedwali sasa limeandikwa moja kwa moja ndani ya HTML na skripti ileile ya R inayotoa CSV, kwa hiyo haviwezi kutofautiana. Viungo vyote ni vya kadiri, sauti/W1_kaa9.wav, bila anwani kamili.

Skripti hiyohiyo sasa ndiyo inayojaza namba za slaidi. Ukaguzi ulionyesha slaidi ya 9 ilikuwa na wastani uliokokotolewa kabla vipande viwili vyenye kikohozi havijaondolewa. Namba ya slaidi na namba ya ukurasa zikipishana, anayeuliza swali hatauliza juu ya mpumuo, atauliza ni ipi ya kweli, na dakika kumi zitaishia hapo.

Ukurasa umefungwa: toleo 1.0, na neno hilo limeandikwa juu.

Siku yenyewe

Mtandao wa ukumbi ulikuwepo lakini mzito. Jozi ya kwanza ilichezwa kutoka flashi. Vikaratasi viligawiwa mlangoni kabla ya kikao, si baada yake, na katika dakika ya saba, mwasilishaji alipofika kwenye kaa na kʰaa, alinyamaza sekunde 40 ili watu wasikilize kwa simu zao. Muda huo umehesabiwa ndani ya dakika 20 tangu mwanzo. Usipotengewa, ukurasa unafunguliwa nyumbani, au haufunguliwi.

Maswali matatu yalihusu vipande mahususi kwa majina yake, W2_paa9 na mengine. Hilo lisingewezekana kwa slaidi peke yake.

Siku 2 baadaye. Toleo 1.1

Msikilizaji mmoja, mzawa wa Mombasa, alisema M1_tembo5 kwake inasikika na mpumuo. Kipande kimepimwa upya: alikuwa sahihi, kipande cha tembo9 kilihifadhiwa kwa jina la tembo5 wakati wa kubadilisha majina zilipobaki siku 27. Vipimo vya jedwali vilitoka katika faili za awali, havikuguswa. Sauti imebadilishwa, toleo jipya limewekwa Zenodo, na chini ya ukurasa kuna mstari unaosema nini kimebadilika na kwa sababu gani. Toleo 1.0 bado linafikika kwa DOI yake.

Ukurasa umehifadhiwa Wayback Machine ya Internet Archive. Nakala ilifunguliwa na sauti zikabonyezwa moja moja. 11 hazikuwa zimenaswa, zikahifadhiwa kwa anwani zake zenyewe. Skripti ya kukagua majina sasa inalinganisha pia muda wa kila faili na muda wake katika TextGrid. Ingekuwepo mapema, ingeigundua tembo5.